Msamaha wa Mume Mwenza

“Bandua, bandua! Bandua mpaka kioo kitoboke!”

Mkaguzi alikuwa amesimama nje ya geti, mkoba wa kazi kwapani, uso umemkunjamana kama shati lililokaliwa. “Ukimaliza stika, ng’oa na namba za gari kabisa, tujue mtaa huu hauna sheria tena.”

“Namba siziondoi, nimezizoea,” alijibu Mama Teksi bila kugeuka. Alikuwa amepanda juu ya kigoda, wembe mkononi, ndoo ya maji ya sabuni kando, akiikwangua stika ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele polepole kama mtu anayemnyoa mzee mwenye hasira. “Lakini hii stika yenu, jirani, leo inaaga. Serikali imesema yenyewe redioni, kwa sauti ya yule msoma habari asiyejua kucheka. Gari lililotimiza miaka arobaini halilazimiki tena kukaguliwa. Ha-li-la-zi-mi-ki! Umeona neno lilivyo tamu? Hebu lirudie.”

“Silirudii.”

“Kidogo tu, nisikie linavyotoka kinywani mwa mtu wa kituo cha ukaguzi.”

Kila aliyekuwa na shughuli barabarani aliiweka chini. Muuza nyanya wa kona, ambaye watu walimwita Redio kwa sababu habari ikimfikia yeye imeshafika kwa wote, aliacha meza yake na kuegemea ukuta uliokuwa umeshajaa watu, ili asipitwe hata na kikohozi.

“Mimi sichezi,” alisema Mkaguzi. “Waliotunga hiyo sheria hawapandi gari lako Jumamosi. Anayepanda ni mwanangu.”

Hapo ndipo maneno yote yalipokuwa yanaelekea. Jumamosi hiyo binti wa mwisho wa Mkaguzi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda, alikuwa anaolewa. Na katika mtaa ule bibi harusi hakuwa bibi harusi mpaka atolewe nyumbani kwao na gari la Mama Teksi: refu, jeupe la rangi ya maziwa, bampa zinazong’aa kiasi cha mtu kujipaka wanja kwa kuziangalia, gia kwenye usukani, na honi ambayo ikilia mbwa wa mtaa wa pili husimama. Lilikuwa teksi enzi zake, na aliyeliendesha ni Mama Teksi huyo huyo, mwanamke pekee kwenye kijiwe kizima. Tajiri wake alipofunga kazi, akalinunua. Mabibi harusi wote wa mtaa alikuwa amewabeba yeye. Kitinda hata kutoka hospitali ya wazazi, akiwa kifurushi kwenye shuka, alitoka na gari hilo.

“Watoto wa wenzio wamepanda tangu stika hii iishe muda wake,” alisema Mama Teksi, sasa akigeuka, “hukufungua mdomo. Leo ni wako ndiyo umeona kutu?”

“Nilifungua mkono! Kila ukipita kituoni nakupungia uingie. Wewe unapiga honi unapita.”

“Si nilidhani unanisalimia?”

Ukuta mzima ukacheka. Mkaguzi alingoja kicheko kiishe, kama alivyozoea kungoja injini zizimwe kituoni ili aanze kusema.

“Unajua kwa nini mmesamehewa?” aliuliza. “Wamesema wenye magari ya kale wanayapenda kuliko wenzi wao. Kwamba gari la namna hiyo halitoki kila siku, na mwenyewe analikagua kila akiamka. Ndiyo sababu yao hiyo.”

“Basi wamenielezea mimi, wamebakiza jina tu.”

“Unalipenda, nakubali. Lakini unalipendea juu, jirani. Unalipaka nta, unafuta vioo, unapiga pasi vitambaa vya viti. Chini huendi.”

“Chini siendi? Mimi? Mimi niliyelala chini ya gari hili wewe ukiwa bado unasukuma tairi kwa fimbo?”

“Lilete kituoni kesho asubuhi. Lipite juu ya shimo, lipite kwenye mashine ya breki. Usipolileta, Kitinda atachukuliwa na gari la mwenzangu wa kazini. Jipya. Lina kiyoyozi.”

“Kiyoyozi!” Mama Teksi alilitamka neno lile kama mtu aliyekuta nywele kwenye chakula. “Nimesamehewa, halafu nijipeleke mwenyewe? Umeshaona mtu ameachiwa huru akarudi kugonga mlango wa jela, kuuliza kama kuna nafasi?”

Mkaguzi alivuka barabara, akafungua geti lake, akaingia. Mama Teksi alirudi kwenye kioo, akakwangua kipande cha mwisho, akakipuliza kikaanguka ndooni. Alijiona mshindi. Ila alipokuwa anashuka kwenye kigoda aligundua kwamba ile sehemu ya kioo iliyokuwa na stika ilikuwa safi kuliko sehemu nyingine zote, na ilikuwa inamwangalia.

*

Nyumbani kwa Mama Teksi hapakuwa na mlo wa watu wawili. Yeye na mumewe walikuwa wawili, ndiyo, watoto wameshatawanyika na maisha yao, lakini sufuria ilikuwa ya kambi. Jirani aliyegombana na mkewe alikula pale, mpangaji aliyeishiwa gesi alikula pale, Redio alikula pale kwa sababu zake mwenyewe. Mtaa mzima ulikuwa umeshachovya kwenye mchuzi ule, isipokuwa mtu mmoja.

Mkaguzi hakula. Hakunywa hata maji. Tangu alipoajiriwa kituoni alikuwa amejiwekea mwiko: mkaguzi hali kwa mwenye gari. Alisema ukionekana unatafuna kwa mtu leo, kesho gari lake likipita, watu watasema limepita kwa tumbo. Kwa hiyo msiba ukitokea kwa Mama Teksi, Mkaguzi alibeba viti, akapanga watu, akasimama getini mpaka mwisho, midomo imemkauka. Sherehe ikiwepo, alipongeza akiwa barabarani. Mama Teksi alikuwa akimpelekea sahani iliyofunikwa, na sahani ilirudi nyeupe pe, lakini kila mtu alijua walioisafisha ni mkewe na watoto, jikoni, wakati yeye amewapa mgongo akisoma gazeti la juzi.

Na gari la Mama Teksi hakulipitisha hata mara moja kwa safari ya kwanza. Mwaka huu taa ya namba, mwaka ule waipa, mwaka mwingine mikanda ya viti, eti teksi ya zamani haikuzaliwa na mikanda lakini abiria wamezaliwa na vichwa. Kila mara Mama Teksi alirudi amefura, akaenda kurekebisha, akalirudisha. Ndivyo walivyoishi.

“Mimi namwelewa,” alisema mumewe jioni ile. Alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, mwenye pini mdomoni muda wote kiasi kwamba maneno yake yalitoka kwa upande. Alikuwa anashona utepe mpana wa kufungwa mbele ya gari. “Anamwonea wivu mume mwenzangu. Hata mimi nilianza hivyo hivyo.”

Mume Mwenza lilikuwa jina ambalo yeye mwenyewe alilibandika gari siku ya kuoana. Alilikuta gari uani, akalizunguka, akaliinamia kwa adabu, akasema: shikamoo, nimekukuta, zamu utapanga wewe. Jina likaganda.

“Unamwelewa yeye, mimi je?” aliuliza Mama Teksi.

“Wewe sijakuelewa tangu tuoane, na tumekaa vizuri.”

Kabla hajapata la kumjibu, mlango wa nyuma ulifunguliwa akaingia Kitinda, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, kwa haraka ya mtu aliyetoroka kwa msusi.

“Shangazi, baba ameshampigia simu yule mwenzake,” alisema. “Mimi nimemwambia, ama natoka na Mume Mwenza ama natembea kwa miguu na gauni langu, watu wanifuate nyuma kama maandamano.”

“Akasemaje?”

“Akasema nivae viatu vya chini.”

Mumewe alicheka mpaka pini ikamdondoka. Mama Teksi hakucheka. Alivuta kiti, akamkalisha yule binti, akamwekea chakula kwanza. Kisha akakaa mbele yake. Aliwaza Jumamosi: yeye kasimama getini kwake, kavaa vizuri, gari lake limepakwa nta, na lile lenye kiyoyozi linakuja kumchukua mtoto wake wa shuka. Mtaa mzima ungeangalia. Na baada ya hapo nani angekuja kumwomba tena? Wangesema hata Mkaguzi, anayeyajua magari, alimkataza bintiye.

“Kituoni siendi,” alisema. “Lakini mwambie baba yako hivi. Kesho jioni akitoka kazini alikague hapa hapa, mbele ya watu. Aje na tochi yake, na nyundo yake, na hiyo sura yake. Akipata kitu cha kulizuia gari hili, funguo naziangika ukutani mimi mwenyewe.”

“Shangazi, baba uani kwako haingii.”

“Nitalitoa barabarani. Barabara ni ya serikali, haimtii mtu doa.”

Kitinda alitafuna, akamwangalia. “Una uhakika?”

“Mwanangu,” alisema Mama Teksi, akimwongezea mchuzi, “kama kuna kitu duniani nina uhakika nacho, kimepaki hapo nje.”

*

Kesho yake jioni Redio alifunga meza mapema. Watu walileta viti. Mume Mwenza alikuwa barabarani, amepakwa nta mpaka unaweza kuona ndege waliopita juu. Mkaguzi alitoka kwake amevaa ovaroli ya kazi, ile ya bluu yenye viraka magotini, na tochi mfukoni. Alisalimia kila mtu kwa zamu, akaliendea gari kama mgeni anayeingia msikitini au kanisani, polepole, bila kugusa.

Kisha akaanza kugusa. Taa: zote. Indiketa: zote, mpaka ile ya kushoto nyuma iliyokuwa na tabia ya kukonyeza mara mbili haraka. Waipa: zinafuta. Honi alipoijaribu, mtoto wa mpangaji aliangusha biskuti yake na mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia. Alizishika tairi za mbele kwa juu na chini, akazitikisa, hazikucheza. Aligonga chesisi kwa nyundo, huku akitega sikio, na kila ilipolia ‘tii’ ya chuma kizima, watu walipiga makofi.

“Hendibreki,” alisema.

Mama Teksi alilipeleka gari mpaka kwenye mteremko wa kona, akavuta hendibreki, akatoa miguu yote miwili nje ya mlango akaichezesha hewani. Gari halikusogea. Akarudi, akashuka mteremko kwa mwendo wake wa bibi harusi, akasimama sawasawa mbele ya ovaroli, polepole kama mtu anayeketi.

“Eeeh!” ukuta ukashangilia. “Mpe stika! Mpe stika!”

“Stika za nini, tumesamehewa!” aliita Mama Teksi dirishani. “Jirani, useme mwenyewe au niseme mimi?”

Mkaguzi alikuwa amechuchumaa pembeni ya gurudumu la mbele, anaifutafuta tochi kwenye ovaroli. Alipouliza, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa.

“Mipira ya breki ulibadilisha lini?”

Mama Teksi alifungua mdomo kwa haraka ya mtu anayejua jibu. Mipira ya breki, ile mirija mifupi inayopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu, ikipinda na usukani siku nzima, hiyo alikuwa anaiangalia kila mwaka bila kukosa. Ikianza kupasuka anaiweka mipya. Na mafuta ya breki anayamwaga, anaweka mengine.

“Nilishaiangalia kabla ya mwezi wa uka...”

Mwezi wa ukaguzi. Maisha yake yote ya gari alikuwa anasema hivyo. Mipira tutaiangalia mwezi wa ukaguzi. Mafuta mwezi wa ukaguzi. Hakuwahi kuandika popote, hakuwahi kuhitaji kukumbuka. Mwezi ulikuja wenyewe, pamoja na ile hofu ya sura ya Mkaguzi, na yeye akavaa gauni lake la grisi akalala chini ya gari. Mwaka huu ukatoka ule msamaha. Mwezi ukaja, ukakaa, ukaondoka, na yeye alikuwa anacheza kwa furaha ya kusamehewa.

Watu walikuwa bado wanacheka na mambo yao. Waliokaa karibu tu ndio waliona amenyamaza, na kwa Mama Teksi hilo lilikuwa jambo la kuogopesha.

“Kata usukani wote upande wako,” alisema Mkaguzi. “Sasa kanyaga breki. Si kwa mguu wa harusi. Kanyaga kama mtoto ametokea mbele.”

Alikanyaga. Mkaguzi alilala kifudifudi, akamulika, akakaa hivyo. Kisha akainuka akajipangusa magoti.

“Njoo uone. Nitakanyaga mimi.”

“Kwenye kiti changu?”

“Kama utaniruhusu.”

“Mimi mwenyewe sijawahi kukalia hicho kiti!” mumewe alilalamika kutoka kwenye umati, na pini mdomoni.

Mama Teksi alishuka. Akaifunga nguo yake vizuri, akalala pale pale barabarani na nguo yake ya kutokea, akamulika ndani ya gurudumu. Mpira ulikuwa umepinda pale ulipopinda siku zote, na kwenye mpindo ulikuwa na nyufa ndogondogo kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Mkaguzi akakanyaga. Kati ya nyufa, mpira ukatoa shavu. Ukavimba kama shavu la mtoto anayepuliza puto, ukatulia, ukavimba tena.

Kwenye mteremko wa kona, kwa mguu wa polepole, mpira ule usingesema kitu. Ila aliwaza Jumamosi: gari limejaa, Kitinda nyuma na gauni lake, mashangazi wawili pembeni, halafu kitu kinachomoka mbele yao ghafla.

Aliinuka. Nguo yake ilikuwa na vumbi mbele yote. Mkaguzi alikuwa ameshatoka kwenye kiti, amesimama, na kwa mara ya kwanza jioni ile hakuonekana kama mtu wa kituoni. Alionekana kama mtu anayetamani mwenzake aseme kwanza.

Redio hakuweza kuvumilia. “Limepita au halijapita?”

“Aliyepewa kulikagua gari hili kwa sheria mpya ni nani?” Mama Teksi aliuliza kwa sauti, ili hata wa nyuma wasikie.

“Wewe!” waliitikia.

“Ni mimi. Si yeye. Serikali imeniachia mimi. Basi sikilizeni.” Alivuta pumzi, akaiweka mikono kiunoni. “Limeanguka. Mpira wa mbele umekufa, na wa upande wa pili lazima unamfuata ndugu yake. Mimi mkaguzi wa gari hili nimesema halibebi mtu.”

Kitinda alikuwa ameshika mdomo. Mkaguzi alianza kusema kitu kuhusu mwenzake wa kazini, labda, na simu, na Jumamosi, lakini Mama Teksi alimkata.

“Jirani, kule kwenu gari likianguka, mwenyewe anafanywaje?”

“Anarekebisha, analirudisha.”

“Anapewa muda?”

“Anapewa.”

“Basi mwambie rafiki yako na kiyoyozi chake wakae wapoe. Nalirudisha kesho.”

*

Ijumaa asubuhi alifungua mipira yote mwenyewe, akaifunga kwenye mfuko, akaenda nayo kwenye karakana wanakotengeneza mipira ya matrekta na magreda. Fundi wa pale aliigeuza mkononi. “Mama, vitu hivi si vya kutengenezwa, ni vya kuwekwa makumbusho. Njoo Jumatatu.”

“Jumatatu nitakuwa nimeshakufa kwa aibu,” alisema, akavuta pipa tupu la grisi akalikalia. Hakugomba. Alianza tu kuhadithia: habari za bibi harusi na viatu vya chini, za mumewe na pini, za abiria mmoja enzi za teksi aliyesahau mama mkwe wake kwenye kiti cha nyuma akaenda kulala. Mafundi wakasogea mmoja mmoja. Alipofika pale mama mkwe anapopiga honi, yule mkubwa wao alikuwa ameshapata vichwa vya chuma vyenye nyuzi zinazoingiana na za gari, ameshakata mpira mpya mzito, ameshaukaza kwenye mashine, na anaomba hadithi isiishe kabla hajamaliza wa mwisho.

Jioni gari lilikuwa uani, limesimamishwa juu ya magogo na jeki, mipira mipya imeshafungwa. Kilichobaki kilikuwa kutoa upepo kwenye breki, na hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja juu anakanyaga pedeli akishika, mwingine chini anafungua nati ndogo upepo utoke, anaifunga kabla mguu haujaachia. Mkikosana mwendo, upepo unarudi ndani. Fundi aliyekuwa akisaidiana naye miaka yote alihamia mbali, kwa hiyo Mama Teksi alilala chini, na kwenye kile kiti kitakatifu, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, akamweka mumewe.

“Kanyaga,” aliita kutoka chini.

Taka-taka-taka-taka-taka, pedeli ikaenda.

“Mara moja! Mara moja halafu shika!”

“Nimeshika.”

“Umeshika nini na mguu unacheza?”

Taka-taka-taka.

“Wewe baba! Hiyo siyo cherehani! Unanishonea nini humu chini?”

“Mguu umezoea hivyo,” alisema mumewe kwa unyonge. “Ukianza unataka kufika mwisho wa pindo.”

Mafuta ya breki yalimdondokea Mama Teksi shavuni. Alikuwa anajiandaa kusema maneno ambayo mwenye ndoa hapaswi kuyasema, ndipo alipoona, kwa ule uwazi wa chini ya gari, jozi ya buti za kazi zimesimama kwenye geti. Buti zilisimama hapo. Zikasogea mbele hatua, zikarudi. Taka-taka-taka, ikaanza tena juu, na buti zikashindwa kuvumilia. Zikavuka mstari wa geti, zikaja moja kwa moja.

“Toka huko chini,” alisema Mkaguzi, akiwa na ovaroli yake. “Wewe panda juu. Fundi, shuka, ndugu yangu, kabla hujatushonea gauni la pili.”

Fundi alishuka kwa furaha kubwa akakimbilia jikoni. Mama Teksi alipanda. Mkaguzi alilala pale alipolala mwenye gari, kwenye lile lile vumbi.

“Kanyaga.”

“Nimekanyaga.”

“Shika.”

“Nimeshika.”

Ikasikika fyuu ya upepo ukitoka kwenye mafuta. “Nimefunga. Achia.”

“Nimeachia.”

Walizunguka magurudumu yote namna hiyo, bila neno la ziada, mpaka sauti zao zikawa kama za watu wanaopokezana mizigo kwenye ngazi. Kwenye gurudumu la mwisho, Mkaguzi alisema kutoka chini, kana kwamba anazungumza na nati:

“Zile waipa, mwaka ule niliokurudisha. Hazikuwa mbaya.”

“Najua hazikuwa mbaya! Nililia njia nzima.”

“Magari mengine yakipita kwangu yanabeba watu nisiowajua. Hili lilikuwa linabeba watoto wangu na wa majirani. Nikilirudisha, unalileta limetengenezwa mpaka usipoulizwa. Kwa hiyo nikawa nalirudisha. Shika.”

“Nimeshika,” alisema Mama Teksi, na akashika kweli, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Waliteremsha gari wakalitoa barabarani. Mkaguzi alikaa mbele, akafunga ule mkanda ambao yeye mwenyewe ndiye aliyemlazimisha auweke. Walipanda juu ya kona, wakageuza. Safari hii Mama Teksi hakushuka kwa mwendo wa bibi harusi. Alishuka kama enzi za kijiwe, abiria kachelewa treni, honi inalia, Redio anakusanya nyanya kwa mikono miwili, na pale pale mbele ya meza yake akakanyaga kama mtoto ametokea. Mume Mwenza alikaa chini pua imeinama, tairi zikaandika barabarani mistari miwili iliyonyooka, mkanda ukamkaba Mkaguzi kifuani, na nyanya moja tu ikabingirika taratibu mpaka kwenye bampa ikasimama, haijapondeka.

Mkaguzi alitoa pumzi. “Haikuvuta upande,” alisema.

“Hata kidogo.”

“Pedeli?”

“Juu, na ngumu. Jirani, nani anasema, wewe au mimi?”

“Wewe. Ndiyo sheria.”

Mama Teksi alitoa kichwa dirishani. “Limepita!”

Kitinda alipiga kelele kutoka dirishani kwao ambayo honi yenyewe ingeionea wivu. Baba yake alitoa simu, akampigia mwenzake wa kazini, akamwambia asante sana, kiyoyozi abaki nacho.

Walirudi uani. Jikoni kwa Mama Teksi taa ilikuwa inawaka, sahani zinagongana, na kati ya sauti zile Mkaguzi aliisikia wazi sauti ya mkewe mwenyewe akicheka. Akajifanya hakusikia. Alijipangusa ovaroli, akatia tochi mfukoni.

“Mwakani mwezi ule ule,” alisema. “Hapa hapa. Nitalikagua.”

“Hulikagui. Nitalikagua mimi. Wewe utakuja kulala chini na kufungua nati, kama jirani.”

“Sawa. Basi mimi niwaache, nikaoge.”

“Simama hapo hapo, baba Kitinda.” Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni, anamwangalia kwa raha ya mtu aliyeshika karata ya mwisho. “Miaka yote hii umekataa kula kwangu kwa sababu gani?”

“Unaijua. Mkaguzi hali kwa mwenye gari anayemkagulia.”

“Na gari hili unalikagua?”

Mkaguzi alitafuta. Mama Teksi alimwona anatafuta kama anavyotafuta ufa kwa tochi, huku na huku, chini na juu, kwa uaminifu wake wote, na asione.

“Sheria imelisamehe,” alisema mwishowe.

“Imelisamehe. Na wewe pia.”

Mlango ulifunguliwa zaidi. Mumewe alichungulia, mwiko mkononi, na mara hii hakuwa na pini mdomoni.

“Mnaongea nini hapo na chakula kinapoa? Sabuni iko kwenye bomba, taulo ni ile ya njano. Mkaguzi, nawa mikono, ingia ule.”